Jaketi Lililokunywa Maji

Nilikozaliwa mimi, Mazingara kule Handeni, maji ni ya kunywa, kupikia na kufulia, na mwaka wa mvua nzuri yakibaki lamboni ni ya ng'ombe. Hatukuwa na maji ya kuchezea. Kwa hiyo nilipoolewa Korogwe, upande wa Ngombezi, nikasikia kwamba baba mkwe wangu anawapandisha watu kwenye boti, anawazungusha bwawani na kuwarudisha palepale alipowachukua, na wanamlipa kwa hilo, nilidhani mama mkwe ananitania kwa ugeni wangu. Nilimuuliza hao watu wanakwenda wapi. Akasema hawaendi popote, wanajistarehesha tu. Nikasema moyoni, kweli watu wa mkonge wamekosa la kufanya.

Na ni kweli walikuwa wamekosa la kufanya. Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Sabuni na sukari zilikuwa zimerudi madukani, mitumba imejaa minadani, na kila mwenye mikono miwili alikuwa anauza kitu. Lakini mashamba ya mkonge yalikuwa yanakufa moja baada ya jingine, kwa sababu dunia ilikuwa imepata kamba za nailoni. Korona, ile mitambo ya kuchakata majani ya mkonge ambayo baba mkwe aliisikia ikinguruma tangu yuko mgongoni kwa mama yake, ilikuwa imenyamaza. Yeye alikuwa msimamizi wa chumba cha brashi, mahali katani inaposuguliwa mpaka ing'ae, na alipunguzwa kazi pamoja na wenzake. Mume wangu akaenda Dar es Salaam kuhangaika na mitumba. Mzee akabaki anazurura kuzunguka kiwanda kilichofungwa, akijifanya anakagua hiki na kile, hadi siku alipoikuta ile boti ndani ya stoo.

Ilikuwa boti ya meneja mmoja wa zamani, mzungu, aliyekuwa akijiburudisha nayo Jumapili kwenye bwawa la kiwanda. Aliondoka zake akaiacha, na mlinzi wa stoo aliitoa bila ubishi kwa sababu ilikuwa imegeuka kiota cha kuku. Baba mkwe aliziba nyufa kwa lami, akaipaka rangi ya buluu, akachonga makasia mapya. Kisha akanunua mnadani shati jeupe lenye mapambo ya dhahabu mabegani, shati la nahodha wa nchi sijui gani, na tangu hapo kila Jumapili na kila sikukuu hakuonekana na shati jingine. Watu wa mjini Korogwe waliokuja kupanda walimcheka, wakasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Yeye alijibu kwamba hata chungu ana haki ya kuwa na bahari yake, akawaambia wakae vizuri.

Lazima nieleze adabu ya nyumba ile, maana bila hiyo kesi iliyokuja baadaye haieleweki. Katika ukoo wao, mke wa mtoto na baba wa mume hawazoeani. Mzee akirudi nyumbani anakohoa tangu kwenye ua ili nipate kujitanda vizuri au kuingia ndani. Nikikutana naye njiani mimi ndiye ninayepisha, nasimama kando na uso nimeuelekeza majanini. Hatukalii mkeka mmoja. Hatupeani kitu mkono kwa mkono. Kinawekwa chini, mwingine anakiokota. Jina lake mimi silitaji, hata leo silitaji, na jina langu yeye halitaji. Akiwa na neno nami alilipitisha kwa mama mkwe, hata kama nimesimama pale pale nikimsikia. Alikuwa akisema, "Mwambie bi harusi chai ina sukari nyingi." Mama mkwe ananigeukia ananiambia chai ina sukari nyingi, na mimi namjibu yeye kwamba nimesikia, naye anamgeukia mzee anamwambia amesikia.

Mimi si mtu wa kuzungushwa. Kwetu tulikuwa watoto wengi na kila mmoja alisema lake kwa sauti, kwa hiyo mwanzoni adabu ile ilinichosha hadi nikawa nauma kanga. Nilijiona kama gogo lililowekwa barazani. Baadaye nilianza kuona ndani yake kitu kingine. Mwanamume yule aliyezoea kufokea chumba kizima cha wafanyakazi hakuwahi kunifokea mimi, kwa sababu hakuwa na njia. Neno la hasira likipita kwa mama mkwe lilifika kwangu limepoa. Basi nikaizoea. Jina langu niliona nimeliacha Mazingara, kwa maana pale nyumbani nilikuwa bi harusi, na niliendelea kuwa bi harusi muda mrefu baada ya hina kufutika.

Sasa yaliyotupeleka mahakamani. Siku moja alikuja bwawani mtumishi mmoja wa serikali aliyekuwa likizo, akapanda na familia yake, na aliposhuka alimwita mzee pembeni. Akamweleza kwamba kusafirisha watu majini kwa malipo kuna sheria yake. Chombo kiwe kizima, kisipakie kupita uwezo wake, na kila abiria awe na jaketi la kuelea. Akipuuza, likitokea la kutokea, atasimamishwa kizimbani, na adhabu ni faini au kifungo au vyote viwili. Mwingine angecheka akasema siku hizi ni ruksa. Baba mkwe hakucheka. Maisha yake yote alikuwa amewasimamia watu kwa kanuni, na nadhani alifurahi kuambiwa kwamba kazi yake mpya nayo ina kanuni. Jioni alimwelezea mama mkwe sheria ile tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya kutosha ili na mimi jikoni niijue.

Majaketi yalikuwepo stoo, ya rangi ya machungwa, aliyoyaacha yule meneja. Zamani yalikuwa yamejazwa sufi. Panya walikuwa wameila na kuzalia humo, ikabaki mifuko mitupu yenye kamba. Hapo ndipo lilipofanyika kosa ambalo nina hakika lisingefanywa na mtu wa Pangani wala wa Mwanza. Watu wa Ngombezi wanajua kwamba mkonge unaelea. Mmea ukishazeeka unatoa mlingoti mrefu katikati, ule wa maua, na mlingoti ukikauka unakuwa mwepesi kiasi kwamba mtoto anaubeba begani. Ukitupwa majini, watu wawili wanaulalia na hauzami. Baba mkwe mwenyewe alijifunza kuogelea akiwa ameukumbatia. Kwa hiyo alipotafuta cha kujazia majaketi hakuhangaika. Alikwenda kwenye chumba chake cha brashi, ambako nyuzi fupi za katani zilikuwa bado zimelala sakafuni marundo kwa marundo, laini na safi, akajaza magunia, akaja kushindilia majaketi yake na kuyashona kwa sindano ya magunia. Alisema mkonge hauzami. Wote waliomsikia waliitikia, wakiwemo watu waliofanya kazi ya mkonge miaka mingi kuliko yeye. Mlingoti na uzi vilikuwa vitu viwili tofauti, lakini vyote vilitoka shambani kwao na vyote vilikuwa vimewalisha.

Alilijaribu moja. Alilitupa bwawani, likaelea, akalitoa likiwa bado jepesi, akaridhika. Hakuliacha huko likakaa.

Ikaja Idi. Watu walikuja tangu asubuhi, wamevaa nguo mpya kutoka juu hadi chini, na hakuna hata mmoja aliyekubali kuyafunika mavazi yake ya Idi kwa mfuko wa rangi ya machungwa wenye harufu ya stoo. Mzee aliwasihi, aliwaeleza sheria, aliwatajia faini na kifungo. Walimwambia wao hawatamshtaki. Alipoona hivyo alimgeukia mama mkwe. "Mwambie bi harusi apande na avae, watu waone."

Nilikasirika, sitaki kusema uongo. Nilikuwa na gauni la kijani ambalo mume wangu alinitumia kutoka Dar es Salaam, na nilikuwa sijalivaa hata saa moja. Lakini neno la mkwe halirudishwi. Mama mkwe alinivalisha jaketi juu ya gauni na kanga yangu, akanifunga kamba kifuani kwa vifundo vile vinavyofungia gunia la mahindi, nikapanda. Katika boti nzima ni mimi peke yangu niliyetii sheria.

Ilipofika katikati, mpiga picha wa sikukuu aliyekuwa amesimama ukingoni alipaza sauti, akawaambia wote wamtazame yeye. Wote wakahamia upande mmoja. Boti ile haikupinduka kwa kishindo. Iliinama taratibu kama mtu anayesujudu, ikatumwaga. Wenzangu waliishika ubavuni, wakawa wananing'inia pale wakipiga kelele. Mmoja alilia kwa ajili ya kiatu, na hakuwa na habari na maji yaliyomfika kidevuni. Mimi jaketi lilinipeleka mbali nao. Mwanzoni lilinibeba vizuri, hata nikaona aibu kwa vile nilivyokuwa nimekasirika. Halafu likaanza kunywa. Nilihisi kifua kinakuwa kizito kidogo kidogo, kwanza kama nimebeba mtoto, halafu kama nimebeba ndoo, halafu kama mtu amenikalia. Nilivuta vifundo, na vifundo vilivyolowa havifunguki. Maji yaliponifika puani nilisikia jina langu. Liliitwa lote, kwa sauti kubwa, kutoka upande wa pili wa boti, na sauti ilikuwa ya baba mkwe.

Yaliyofuata nayakumbuka kwa mikono yake. Alinifikia chini ya maji. Alivikata vifundo kwa kisu chake cha mfukoni, akalivua jaketi, na kanga ikaondoka nalo pamoja na ushungi wangu. Akanikumbatia, akaogelea nami hadi kwenye matete ya ng'ambo, ambako hapakuwa na mtu, akanilaza. Nilitapika maji. Aliposikia napumua alisimama, akanipa mgongo, akavua lile shati lake la nahodha na kulirusha nyuma juu ya bega lake bila kugeuka, likaniangukia miguuni. Kisha akaenda kukaa mbali, kifua wazi, anatazama upande usio na kitu. Wakati huo watu wengine walikuwa wanavutwa kwa kamba ya katani upande wa kiwandani. Hakufa mtu. Vilivyopotea ni viatu na redio moja; kamera ilibaki salama ukingoni na mwenyewe.

Nyumbani mama mkwe alinipeleka chumbani akafunga mlango. Nilimsimulia. Alilikunja lile shati, kisha akaniambia, "Basi liishie hapa. Wewe ulitolewa na watu."

Lingeishia hapo kama si midomo ya Korogwe. Habari ilifika mjini kwamba mke wa fulani kafa bwawani, na polisi walikuja kutafuta maiti. Maiti walimkuta amekaa mlangoni anachambua choroko. Waliona haya kidogo, lakini walikuwa wameshatoka na gari, kwa hiyo hawakurudi bure. Waliuliza maswali, wakaiangalia boti, wakachukua majaketi, wakamchukua na mzee. Alishtakiwa kwa kusafirisha watu majini kwa malipo katika chombo kisicho salama. Alipata dhamana akarudi siku ya pili, akakaa barazani.

Jambo lililotutia hofu halikuwa boti wala majaketi. Katika maelezo yake polisi, mzee alikuwa ameulizwa nani alimwokoa mke wa mwanawe, akajibu ni watu. Akaulizwa yeye alifanya nini, akajibu aliogelea akatoka. Na kwa kuwa watu kibao walimwona kakaa ng'ambo peke yake hana shati, ikaandikwa kwamba nahodha alijiokoa na kuwaacha abiria wake. Polisi mwendesha mashtaka, kijana mwenye bidii, alipita akisema kwamba mtu wa namna hiyo hafai faini, anafaa jela ili wengine wajifunze. Mzee alilisikia hilo na hakulirekebisha. Afadhali aitwe mwoga wilaya nzima kuliko watu wajue kwamba alimshika mke wa mwanawe.

Niliitwa niwe shahidi wa mashtaka, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyelivaa jaketi majini. Usiku... la, ilikuwa mchana ule ule wa kuletewa wito, mama mkwe alinifuata jikoni. Alikaa kwenye kigoda, akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Sema majaketi," aliniambia. "Sema boti. Sema lolote watakalokuuliza. La mkono usiseme."

Nilimuuliza je, wakimfunga?

"Jela mtu hutoka, mwanangu. Aibu haitoki."

Siku zilizobaki nilifikiri mpaka kichwa kikaniuma. Niliwaza kwamba wenye nyumba wameshaamua, na mimi ni mgeni, wajibu wangu ni kufuata. Niliwaza kwamba yeye mwenyewe amechagua, mtu mzima na akili zake. Halafu namwona barazani, mgongo umeinama, mzee ambaye tangu nifike hajanikosea hata kwa jicho, na najua kwamba akiingia jela na umri ule huenda akatoka amebebwa. Na mimi nitakuwa nimesimama mbele ya watu, mzima wa afya, na kusema nilitolewa na watu. Watu gani? Nilitaka kumuuliza mtu wa kwetu, lakini Mazingara ni mbali, mume wangu alikuwa bado Dar es Salaam, na barua zilikuwa zinachelewa. Nilimwogopa mama mkwe, nilimwogopa hakimu, na zaidi ya wote nilimwogopa mzee, atakavyonitazama.

Siku ya kesi mwendesha mashtaka alikuja na karai. Aliomba lijazwe maji, likawekwa mbele ya hakimu, akaliweka jaketi juu yake. Jaketi likaelea. Watu waliokaa nyuma waliguna, na baba mkwe pale kizimbani alinyanyua kidevu. Nilimwona akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Idi. Mkonge hauzami. Mwendesha mashtaka hakutikisika. Alisema tuendelee na shahidi, jaketi nalo lijieleze lenyewe polepole.

Niliapa, nikaanza kueleza. Nilieleza jinsi mzee alivyowasihi watu wavae, jinsi nilivyovalishwa, jinsi boti ilivyoinama. Nilipofika mahali pa jaketi kunibeba, lile la karai lilikuwa bado juu. Nilipofika mahali pa uzito, pembe moja ilikuwa imezama. Kila nililosema lilikuwa linatokea pale mezani, na mahakama nzima iliacha kunitazama mimi ikawa inatazama karai. Jaketi likaenda chini bila hata povu. Nilimwangalia mzee. Tabasamu lilikuwa limemtoka, na usoni mwake sikuona woga. Niliona huzuni ya mtu aliyeumbuliwa na ndugu yake wa damu.

Mwendesha mashtaka akamwambia hakimu kwamba jaketi lile ni baya kuliko kutokuwa nalo, na ubaya zaidi ni kwamba mwenye chombo aliogelea zake akawaacha wengine. Kisha akanigeukia, nadhani ili tu akamilishe, akauliza.

"Nani alikutoa majini?"

Nilitazama chini. Nilimwona mama mkwe kwa pembe ya jicho akivuta kanga kichwani.

"Ni mshtakiwa," nikasema.

Kelele zikaanza, hakimu akazinyamazisha. Akaniuliza mshtakiwa ni nani, nimtaje kwa jina ili iandikwe sawasawa. Nikamwambia, "Siwezi kumtaja, mheshimiwa. Ni baba wa mume wangu." Hakimu alikuwa mtu wa mbali, wa upande wa Ziwa, alinikunjia uso akidhani namdharau. Karani wake, mama wa makamo wa Kizigua, aliinuka akamnong'oneza kwa muda. Hakimu akaiweka kalamu chini. Akaniambia, kwa sauti ya chini kuliko ya mwanzo, niendelee bila kutaja jina.

Basi nikaendelea. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nilieleza vifundo na kisu. Nilieleza kanga na ushungi. Nilieleza matete, na mgongo alionipa, na shati lililorushwa nyuma, na kwa nini mtu yule alikwenda kukaa peke yake akaonekana kama aliyekimbia. Mahakama ile, iliyojaa Wazigua na Wasambaa wanaojua mkwe ni nini, iliinamisha macho. Hakimu alimuuliza mzee kama ni kweli.

"Alichosema shahidi sikikatai," alisema, macho kwenye karai.

Sikusema yote. Kwamba aliniita kwa jina langu sikusema. Sikuulizwa, na hata ningeulizwa, hilo nilikuwa nimeamua kubaki nalo.

Alitiwa hatiani, na ilikuwa haki. Hakimu alisema kwamba ruksa ya kufanya biashara si ruksa ya kuzamisha watu, na kwamba nia njema haielei. Alisema pia kwamba alikuwa amekusudia kifungo, ila mtu aliyezamisha kwa ujinga akaokoa kwa kujitosa anastahili kuhurumiwa. Ikawa faini, na boti isibebe tena abiria wa kulipa. Faini hiyo mzee aliilipa kwa kuuza mabati aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya nyumba mpya, na aliilalamikia hadi mwisho wa maisha yake. Alisema serikali imemwonea, kwa vile aliyekuwa na makosa ni mpiga picha.

Nyumbani palikuwa na adhabu ya pili. Aibu iliyofichwa sasa ilikuwa wazi, na katika ukoo wao iliyo wazi lazima isafishwe. Dada mkubwa wa mzee alikuja kutoka Mpale, wakakaa na wazee wa ukoo, wakaamua mzee atoe mbuzi. Alimtoa bila neno. Mbuzi alichinjwa, kukasemwa yanayosemwa, mimi na yeye tukanawa maji ya chombo kimoja, kila mmoja kwa wakati wake. Nilisimama pale nikiwa na hasira ambayo sikuweza kumwonyesha mtu. Serikali ilimwadhibu kwa kunizamisha, na ukoo ulimwadhibu kwa kunitoa. Mpaka leo sijajua nani kati yao alikosea, maana kila nikifikiri naona wote walikuwa na sababu.

Tangu siku ya kesi mzee hakula chakula nilichopika. Mama mkwe naye alinisemesha kwa yale ya lazima tu. Nilikuwa nikilia jikoni na kusingizia moshi. Hata baada ya mbuzi siku zilipita, hadi asubuhi moja nikasikia barazani, "Mwambie bi harusi chai ina sukari nyingi." Mama mkwe aliingia jikoni kuniambia, akanikuta nimeziba mdomo kwa kanga nisicheke kwa sauti. Naye akacheka.

Baadaye, siku moja mama mkwe alikuwa amekwenda msibani, na pale nyumbani tulikuwa wawili tu. Nilikuwa natwanga. Nilimsikia akikohoa uani, nikajitanda. Alisimama nje ya ukuta wa jiko, amenipa mgongo, na hakukuwa na mtu wa kupitishia neno. Kulikuwa na kuku mmoja mwenye vifaranga anachakura pale katikati. Mzee akamwambia kuku.

"Siku ile ya maji, bi harusi alisikia kitu?"

Nikaacha kutwanga. Nilielewa kwamba hilo ndilo lililokuwa likimla, si faini wala mbuzi. Mkono ulikuwa umeshasafishwa. Jina halikuwa limesafishwa, na hakujua kama linahitaji.

Na mimi nikamjibu kuku. "Mwambie mzee, bi harusi hakusikia kitu. Masikio yalikuwa yamejaa maji."

Alikohoa, akaenda zake kwenye boti yake, ambayo kuku walikuwa wameanza tena kutaga ndani.

Ameshakufa mzee yule, tulimzika Ngombezi, na mimi nimekuwa bibi. Shati lake la nahodha ninalo sandukuni. Nilimdanganya siku ile na sijuti. Nililisikia jina langu, lote, kama mama yangu alivyokuwa akiniita nikichelewa kutoka kisimani, na lilinifanya ninyanyue mkono juu ya maji, na mkono huo ndio alioushika. Katika nyumba ile alilitaja mara moja tu, na ndiyo maana nipo.